Muriel na Majina ya Mashamba ya Saxwold

Muriel Cawkwell alipika chakula cha shule pale Saxwold kwa miaka ishirini na saba. Mimi nilikuwa jirani yake, nikipeleka mikate kwa gari katika vijiji vyote vya upande ule wa Lincolnshire, Uingereza, kwa hiyo nilimwona karibu kila siku ya maisha yake ya utu uzima.

Baba yake alikuwa mlimaji wa plau ya farasi. Zamani hizo kila shamba lilikuwa na jina lake, kama mtu. Mzee Cawkwell akimwambia mkewe, “Kesho niko Njaa Kali,” mke anajua birika la chai alipeleke wapi. Baada ya vita yakaja matrekta makubwa, yakataka nafasi ya kugeukia. Michongoma ya mipakani ikang'olewa na kuchomwa, na moshi wake ulikaa kijijini majuma mawili. Mashamba kumi na tisa yakawa shamba moja, na mwenye nalo akaliita Namba Nne.

Muriel alinyamaza na hilo miaka mingi. Lilimtoka Jumapili moja ya mwaka 1974, mezani, alipokuwa akila na mdogo wake wa kiume, Hedley. Walikuwa wakikumbushana majina, wakafika kwenye shamba la Annis.

“Lilikuwa kule juu, karibu na kinu,” Muriel akasema.

“Dada, wewe ulikuwa jikoni na mama. Mimi ndiye niliyewashika farasi lijamu. Lilikuwa chini, kijitoni.”

“Juu, Hedley.”

“Chini. Na nisogezee viazi hivyo kabla havijapoa.”

Kesho yake asubuhi Muriel alikwenda kwa kasisi kuomba ufunguo wa sanduku la kanisani. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1561. Akavinakili kwa penseli muda wa vipupwe viwili, jiko la mafuta ya taa likiwa miguuni, amevaa glavu zilizokatwa vidole. Asubuhi moja nilimpelekea mkate nikamkuta macho mekundu.

“Watoto wa Toynton wamekufa,” akaniambia. “Watatu, wiki moja.”

Nikashtuka. “Lini?”

“Mwezi wa pili. Mwaka 1588.”

Sikucheka. Ukimsikia anavyowataja, ungedhani wanakaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Lakini vitabu vya kanisa vinakwambia nani alizikwa lini, havikwambii alilima wapi. Hilo limo katika vitabu vya baraza la mwinyi, bwana wa ardhi wa zamani, ambavyo vilikuwa vimehifadhiwa kwenye ofisi ya nyaraka mjini Lincoln, na vya kale zaidi vimeandikwa kwa Kilatini. Basi akiwa na miaka sitini na mitatu, Muriel akaanza kujifunza Kilatini kwa kitabu cha watoto wa shule.

“Dada yangu sasa anaongea na wafu kwa lugha yao,” Hedley akawatangazia watu kilabuni. “Sisi tulio hai hatusalimii tena.”

Kila Alhamisi nilimchukua kwenye gari, nikamshusha mlangoni, nikamrudia alasiri. Njiani alikuwa akinieleza ni nani aliyeacha nguruwe wake wakaingia mashamba ya watu, au nani aliyemtukana mwenzake barazani, nami nikazijua koo zile kama wateja wangu.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu alitoka mle ndani akapanda gari. Tulikuwa tumeuacha mji maili kadhaa nyuma ndipo akasema, “Hedley alikuwa sahihi.”

“Kuhusu nini?”

“Annis. Ni chini, kijitoni. Alikuwa mjane, Annis Toynton. Baraza lilimpa alime pale mpaka kufa kwake. Ndiye mama wa wale watoto. Miaka karibu mia nne tumekuwa tukimtaja, wala hakuna aliyejua ni mtu.”

“Utamwambia Hedley?”

“Nitaona.”

Akaona kwa mwaka mzima. Ukaidi wa akina Cawkwell ni wa kurithi. Kisha Hedley akapigwa na kiharusi, akapelekwa nyumba ya wazee, na maneno yakamkauka kinywani. Siku nzima hutoa matatu, manne. Muriel aliposikia alinijia bila hata kuvua aproni. “Nipeleke,” akasema.

Tulimkuta kakaa dirishani na blanketi magotini. Muriel hakumuuliza hali. Akafungua daftari alimonakili upimaji wa mwaka 1611, pale mpimaji alipoizunguka ardhi pamoja na wanaume kumi na wawili wa kijiji, akaanza kusoma majina taratibu.

“Kinu cha Juu. Mkia wa Bata. Njaa Kali.”

Akageuza ukurasa.

“Shimo la Chokaa,” Hedley akasema.

Muriel akatazama daftari. Ndilo lililofuata. Hakusoma tena, alingoja. Hedley akaendelea, neno moja moja, akipumzika kama mtu anayepanda ngazi: Kitalu cha Kasisi, Mwiba Mweusi, Shamba la Annis. Baba yao aliyalima kwa mpangilio uleule ambao wale kumi na wawili waliyatembea.

“Bonde la Mbweha,” akasema.

“Hilo halimo, mdogo wangu.”

“Limo. Umeliruka.”

Alhamisi iliyofuata Muriel aliomba kitabu chenyewe kule Lincoln. Lilikuwemo, mstari wa nane. Alikuwa ameuruka wakati wa kunakili.

“Na Annis ni chini,” alimwambia Hedley siku waliyoonana tena.

“Nilikwambia.”

Hedley alikufa mwezi wa tano. Muriel akachora ramani ya mashamba yote kumi na tisa kwa penseli za rangi, ikatundikwa ukumbi wa kijiji, na wazee wakawa wanasimama mbele yake wakibishana mpaka chai inapoa. Mwenye shamba naye alikuja, akaitazama muda mrefu na kofia mkononi. Michongoma hakuipanda.

Muriel alifariki mwaka 1991. Madaftari yake arobaini na moja yalichukuliwa na ofisi ile ya nyaraka. Nilikwenda huko siku moja, nikajaza fomu kama mgeni yeyote, nikaletewa la kwanza. Nikalisoma mpaka saa ya chakula, kisha nikarudi nyumbani kwa njia ya zamani, ile ya mlimani tuliyopita na Muriel kila Alhamisi.