Siku Nilipomhamishia Mjomba Watazamaji kwa Simu

Mkasa huu ningeweza kuunyamazia, ila Segese nzima wanaujua, kwa hiyo bora nikusimulie mwenyewe kabla hujakutana na wale wanaoutia chumvi (eti nilipanda juu ya goli, eti nilichapwa fimbo, sikupanda na sikuchapwa, ingawa nadhani fimbo ingeniuma kidogo kuliko kilichonipata). Aibu ile sijawahi kuiona tena na naomba isirudi.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko karibu na stendi, na ugonjwa wangu ni vitu vipya. Nikaagiza kamera ndogo ya kuzunguka, ukubwa wake kama kikombe cha chai, ambayo haihitaji mtu kukaa nyuma yake: unaifunga mahali, unafungua simu, simu inakuonyesha kila kinachoonwa na kamera, ukitelezesha kidole kushoto inageuka kushoto, ukitanua vidole viwili kitu cha mbali kinakuja mpaka unaona kope za mtu. Niliipenda kuliko ilivyostahili. Niliifunga kibandani, halafu nikawa nakaa kwa muuza chai ng'ambo ya barabara, nakiangalia kibanda changu kwenye simu ilhali kiko mbele ya macho yangu, nafurahi peke yangu kama mwehu.

Aliyenipa kazi ya maana ni Mjomba Shija, kaka yake mama. Mjomba ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma, upande wa Bagika, na kama hujawahi kumwona manju wa Kisukuma uwanjani sijui nikueleze vipi ukaelewa. Siku za kawaida ni mzee mnene mwenye magoti mabovu, akienda dukani anapumzika njiani, lakini mfunge njuga miguuni uone, na kichwa chake hakihitaji muda wa kutunga, anakuangalia tu na tayari umeshakuwa wimbo. Siku moja alikuja kibandani, akaishika ile kamera, akaigeuza huku na huku.

"Mpwa wangu," akaniambia, "watu wote wa huku wameniona nikicheza isipokuwa mimi. Siku ya mbina hicho kitu kinichukue. Nijione kabla magoti hayajaniaga."

Mbina ndiyo ngoma yenyewe ya mashindano, na ujue mashindano yetu hayana majaji wala kombe. Baada ya mavuno makundi mawili yanacheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, Bagika huku, Bagalu kule, na kipimo ni watu. Watazamaji wako huru kutembea, wakichoka hapa wanahamia pale, na jua likizama kundi lililozungukwa ndilo limeshinda, lililohamwa limepigwa. Bagalu walikuwa wametupiga msimu uliopita na ule wa kabla yake, baadhi ya vijana wetu wameshahamia kwao, na Mjomba alikuwa amekwisha kutamka mbele za watu kwamba tukipigwa tena ngoma anazipandisha darini, ngoma alizoachiwa na baba yake, na kundi limekwisha. Mama alipolisikia neno hilo alilia. Kwa hiyo siku ile haikuwa ya mchezo.

Nilifika uwanjani mapema. Nikafunga kamera kwenye ncha ya mlingoti mrefu, mlingoti nikaukaza kwa kamba za katani kwenye goli la mpira, powabenki nikaivisha mfuko wa nailoni, kisha nikajisogeza nyuma ya watu wetu na simu mkononi, najiona fundi mkuu. Na kweli picha zilikuwa nzuri. Watu walifurika, kutoka Masumbwe walikuja, vijana wa maduarani, wachimba dhahabu kutoka Rwamgasa, walikuja na vumbi lao la mawe, na wengi walikuwa kwetu. Vijana wetu walikuwa wanarusha majembe hewani na kuyadaka kwa zamu. Mjomba mwenyewe alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, anaimba tu, kwa sababu magoti yale anayahifadhi kwa ajili ya mwisho.

Hapo ndipo kidole changu kikaniponza. Wenzetu wa Bagalu walikuwa wamezungushia turubai la bluu nyuma ya kundi lao, na kila mtu alijua kuna kitu wamekificha humo, maana kila kundi huwa na jambo lake la kushtua watu jioni. Nikasema moyoni, Mjomba si bado amekaa, ngoja nichungulie kidogo. Nikatelezesha kidole. Lile turubai lilimzuia mtu wa chini, lakini kwa jicho lililokaa juu ya mlingoti halikuficha kitu. Ndani kulikuwa na fisi. Fisi wa magunia, mkubwa kama bajaji, taya lake linavutwa kwa kamba, na vijana wawili walikuwa wanajiandaa kuingia tumboni mwake, mmoja awe miguu ya mbele, mwingine ya nyuma.

"Mwanangu, hebu nami nione," ikasema sauti begani kwangu. Alikuwa Mama Holo, anayeuza viazi vikavu sokoni, kikapu chake kiko chini miguuni.

Ningeiweka simu mfukoni pale pale leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikapiga hesabu zangu za kijinga: siri yao ikijulikana sasa hivi, fisi akitoka hakuna atakayeshtuka, Bagalu wameumbuka, nami nimemsaidia mjomba wangu. Nikamwonyesha.

"Mayo wee," akasema Mama Holo, "njooni muone huyu mnyama." Wakaja. Wakaja wawili, wakaja majirani zao, nikaona simu niinue juu ili na wa nyuma waone, na kwa kuwa wa nyuma kabisa bado hawaoni nikaanza kutangaza, na sauti nikaibadilisha iwe ya mtangazaji wa mpira (hili ndilo linaloniumiza zaidi nikikumbuka, ile sauti). "Miguu ya nyuma imeshaingia, watazamaji wapenzi, miguu ya mbele bado, miguu ya mbele kwanza inamalizia andazi." Watu wakavunjika mbavu. Mmoja akasema sogeza karibu, nikasogeza, mwingine akasema turudishie lile taya, nikarudisha, na kila nilipotii nilijisikia mtu mkubwa zaidi. Sijawahi kusikilizwa na watu wengi namna ile maishani mwangu.

Kisha kijana mmoja wa maduarani akasema, "Mimi huyu fisi nakwenda kumwona mwenyewe, kwenye simu ni mdogo." Akaondoka. Wenzake wakamfuata. Huku kwetu fisi si mnyama wa mzaha, kila mtu ana habari yake ya fisi aliyesikia kwa bibi, na neno lilipoenea kwamba kuna fisi kama bajaji upande wa pili, watu waliondoka mbio, na Bagalu walipowaona wanakuja kama mafuriko wakamtoa fisi saa ileile na ngoma zao wakazipiga kwa nguvu zote. Kumbe sikuwaharibia kitu, nimewatangazia.

Nikageuka kuangalia kwetu. Wapigaji wapo, wachezaji wapo, Mjomba yupo kwenye kigoda, na mbele yao wamebaki bibi zetu waliokaa kwenye mikeka, ambao nadhani nao wangekimbia kama wangeweza kunyanyuka. Na mama yangu. Mama hakuwa anaangalia ngoma, alikuwa ananiangalia mimi.

"Wametupiga dawa," mpigaji mmoja akasema, maana ukihamwa namna ile la kwanza watu kufikiria ni dawa. Mjomba akanyoosha mkono, ngoma zikanyamaza. Akauliza watu wamekwenda wapi. Mama akanielekezea kidevu na kusema, "Dawa yenyewe anayo mwanangu, ameishika mkononi."

Mjomba akasimama. Akaja, njuga zinalia kila hatua, uwanja ninaouona mdogo kila siku, siku hiyo ulikuwa mrefu, nami kwa kukosa la kufanya nikamwambia, "Shikamoo, mjomba," wakati nilikuwa nimemwamkia tangu asubuhi.

"Marahaba," akajibu. Akaitazama simu, fisi anaruka humo ndani. Akautazama mlingoti. Nilitegemea matusi na nilikuwa tayari kuyapokea. Badala yake akanishika kifundo cha mkono, akanikokota mpaka katikati ya wachezaji, akasema, "Simu usiiteremshe. Ishike juu hivyohivyo, na ucheze."

Akaanza kuimba taratibu, kwa Kisukuma, na kwa Kiswahili ni kama hivi: mpwa wangu kanunua jicho, kalipandisha mtini, jicho linaona mbali, limemwona fisi, limemwona na andazi lake, mjomba wake yuko hapa, jicho halimwoni. Na kiitikio, "Geuza jicho, mwana, geuza." Wapigaji walicheka mpaka mmoja akaangusha fimbo yake, kisha ngoma zikaingia. Bibi wakaitikia. Mama akaitikia kwa sauti kuliko wote. Na mimi nikacheza, simu juu, mimi ambaye nikicheza utadhani nimekanyaga siafu.

Sasa mwone mzee huyu alivyo. Hakushindana na fisi, alimchukua fisi akamtia kwenye wimbo wake. Waliokuwa wamechungulia simu yangu walikuwa wanaijua habari ya andazi, wakiusikia ule ubeti wanageuza shingo, wanawaeleza walio pembeni, nao wanacheka na kusogea wasikie zaidi. Mama Holo alirudi kuchukua kikapu chake alichokisahau, Mjomba akamdaka papo hapo kwa ubeti, mama aliyeviacha viazi akamfuata fisi, kumbe fisi hali viazi, na Mama Holo akatupa kikapu akaingia kucheza. Yule kijana wa maduarani akaimbwa, amezoea kutafuta vitu gizani, leo kapotea mchana. Baada ya hapo kila mtu alitaka naye aimbwe, wanasukumana kuja mbele ili manju awaone. Na mzee anacheza. Magoti yale yalikwenda chini yakapanda, mabega yanatetemeka peke yake huku kichwa kimetulia, njuga na ngoma zinasema kitu kimoja. Nilisahau kabisa kuwa nimeaibishwa, nilikuwa namwangalia tu. Mwisho fisi naye akaja. Akasimama nyuma ya watu, kijana wa mbele akavua kichwa cha magunia asikie vizuri anavyoimbwa, na alicheka mpaka akakaa chini na mwenzake wa nyuma akaanguka naye.

Jua lilizama uwanja wote uko kwetu. Manju wa Bagalu alikuja mwenyewe, akampa Mjomba mikono miwili. "Wabeja," akamwambia, yaani asante, na hapo hakuna aliyebishana tena.

Mjomba akakaa juu ya ngoma kubwa, mama anamfungua njuga, jasho linamtoka. "Haya, mpwa, nionyeshe."

Nikafungua ile video kwa furaha. Mwanzo Mjomba amekaa kwenye kigoda. Halafu fisi, miguu ya nyuma, andazi. Halafu fisi anatoka nje, na kamera imebaki palepale, kwa sababu mwenye kuigeuza alikuwa katikati ya uwanja ameinua simu juu kama mlingoti wa pili. Turubai la bluu. Mbuzi anaingia, anakula mabaki ya andazi, anatoka. Kwa mbali unasikia watu wanaimba na kucheka, mtu humwoni hata mmoja.

Mjomba aliangalia mpaka mwisho, hata yule mbuzi.

"Kwa hiyo sijajiona," akasema.

"Hujajiona, mjomba. Nisamehe."

Akayasugua magoti yake kwa muda mrefu. Mama akamalizia kumfungua njuga ya mwisho. "Basi," Mjomba akasema, "mwakani itabidi nicheze tena."

Tangu siku hiyo mtu akileta simu yenye kioo kilichopasuka lazima kwanza aniimbie geuza jicho, mwana, ndipo aseme shida yake, na hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni mama. Kila jioni anakwenda kumsugua kaka yake magoti kwa samli, na akirudi hanisemi, ananawa mikono tu na kunipa chakula. Mwakani kamera itaelekezwa kwa Mjomba tangu asubuhi na sitaigusa, hata turubai likiwaka moto, anayetaka kuona aende akaone kwa miguu yake. Na usiku nikilala namwomba Mungu magoti yale yafike mavuno, maana yasipofika, nitakuwa ndiye niliyemnyima mzee yule kitu ambacho uwanja mzima ulikiona bure.