Pikapu Fupi ya Arlys Vondracek

Arlys Vondracek alikuwa mfupi kiasi kwamba akisimama nyuma ya ng'ombe wake ulikuwa huoni ila kofia, na ufupi huo ndio uliomfanya anunue pikapu iliyochekwa na wanaume wote wa upande ule wa Nebraska. Mumewe, Leland, alikuwa na pikapu ya bodi ndefu, yaani ile sehemu ya mizigo ya nyuma. Leland alipofariki, farasi wake alipoteleza kwenye barafu na kumwangukia, Arlys aliiendesha ile ndefu mwaka mzima. Kila alipotaka mfuko wa chumvi ya mifugo uliosogea mbele, ilimlazimu akanyage gurudumu, apande, aingie kwa magoti kama mtoto anayeiba sukari kabatini. Mwisho akachoka. Akaiuza, akachukua yenye bodi fupi, ya futi sita na nusu, na kuanzia siku hiyo karibu kila kitu alikifikia miguu yake ikiwa chini.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, ng'ombe tisini, na vilima vya mchanga vilivyoota nyasi, ambavyo babu yake mzaa baba alivikuta vitupu. Alikuwa pia na shemeji, Milo, mdogo wa marehemu Leland. Milo aliyataka malisho ya kaskazini ayakodi yeye. Ombi hilo alilileta mara ya kwanza wiki ile ile ya mazishi, mkononi ana sahani ya kolache, yale maandazi yao ya jamu ya plamu. Arlys aliyapokea maandazi, ombi akalirudisha.

Kisa cha trela kilianzia darajani, kwenye mto Niobrara. Trela lake la zamani lilifungwa nyuma kabisa, kwenye bampa. Siku hiyo alikuwa amepakia mitamba wanane, upepo ukavuma ubavuni, na trela likaanza kuchezesha kiuno, kushoto na kulia, kila mara zaidi, mpaka matairi ya nyuma ya pikapu yakawa yanaburutwa kufuata matakwa yake. Hakukanyaga breki; aliachia mafuta taratibu akashika usukani. Alipovuka aliegesha kando, akakaa bila kuzima injini hadi mitamba wakaanza kupiga mateke. Hapo aliamua kwamba hatavuta tena kitu kinachoning'inia nyuma yake. Atanunua trela la shingo ya bata, lile ambalo shingo yake hupita juu ya mlango wa nyuma, ikaingia ndani ya bodi na kukalia tufe la chuma, ili uzito wote uyaelemee magurudumu ya nyuma.

Tatizo, walimwambia wote, ni pikapu. Bodi ikiwa fupi, tufe linakaa karibu mno na kichwa cha gari. Ukikata kona kali, pembe ya trela inakuja kukusalimia kupitia kioo cha nyuma. Milo alisema hivyo mezani kwa Arlys, mkahawani alisema tena, na alipomkuta kwa Orrin Pfeifer, fundi wa kuchomelea vyuma, akasema mara ya tatu mbele ya wanaume wanne waliokuwa wakinywa kahawa.

"Shemeji, hii gari ni ya kwendea kanisani," alisema. "Kodisha malisho, upumzike. Nani anakukimbiza?"

"Wewe," Arlys alijibu. "Mwaka wa tatu sasa."

Mmoja wa wale wanaume alicheka, kahawa ikampalia. Orrin hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alimwambia Arlys wazi kwamba kama angekuwa yeye, angetafuta gari refu.

"Sikuulizi ungefanya nini, fundi. Nionyeshe kwa vipimo kwamba haiwezekani, nami nirudi zangu nyumbani."

Arlys akachukua chaki yake mfukoni, ile ya kuwatia alama ng'ombe wa kuuzwa, akapiga magoti sakafuni. Akachora mstari: hiki kioo. Akapima inchi arobaini na nne, akaweka nukta: hili tufe. Kisha akafunga uzi kwenye chaki, akazungusha upinde kama pembe ya trela inavyozunguka tufe. Kwa trela lenye pua bapa, upinde ulivuka kioo. Kwa trela ambalo pembe zake za mbele zimekatwa mshazari, upinde ulipita inchi tatu kabla ya kioo.

Orrin aliinama, akaupima uzi mwenyewe, kisha akaupima tena.

"Inchi tatu hazitoshi," alisema. "Barabara zetu zina mashimo. Gari likiinama upande, hizo inchi umeshazila."

"Basi niongezee."

Ndipo Orrin akaanza kuongea kama fundi. Alisema ziko njia tatu. Ya kwanza ni kurefusha shingo ya trela kwa kipande kinachorudi nyuma. Hiyo aliikataa mwenyewe, maana chuma kile kinakuwa kama mtarimbo, kinaibandua shingo kidogo kidogo mpaka ipasuke. Ya pili ni bamba la kufungwa juu ya sakafu ya bodi. Arlys akaikataa hiyo, kwa sababu sakafu ile ndiyo inayobeba chumvi, nguzo na marobota ya nyasi, na hakuhitaji kisiki cha kujikwaa. Ya tatu ni kiungo kinachofungwa chini ya bodi, kwenye chesisi, na tundu moja tu juu. Tufe linachomolewa wakati halina kazi. Na kwa tundu hilo yapo matufe ambayo shingo zake zimepinda, yanayokaa inchi nne nyuma zaidi.

"Litakuwa juu ya ekseli kabisa," Orrin alisema. "Lisivuke hapo hata kidogo. Likivuka, pua ya gari itanyanyuka na usukani utakuwa mwepesi kama wa baiskeli."

"Tatu na nne ni saba," Arlys alisema. "Toboa."

Milo alisema bodi mpya haitobolewi. Arlys alimwambia bodi ni yake, na kama anataka kutoboa kitu akatoboe yake.

Kazi ya kukifunga kiungo ilichukua siku mbili. Arlys alikaa pale pale kwenye ndoo iliyopinduliwa, akihesabu kila boliti iliyokazwa, na hakuondoka mpaka minyororo ya usalama nayo ikapata mahali pake. Trela akalichagua la futi ishirini, lenye pembe za mshazari. Wiki nzima alifanya mazoezi uwanjani kwake, akirudi kinyumenyume kati ya mapipa, akikata kona hadi shingo ikawa kama kiwiko kilichokunjwa. Mara moja alisahau kuushusha mlango wa nyuma alipokuwa akiliunganisha, shingo ikaubonyeza. Alitukana kwa Kicheki, lugha aliyoijua kwa matusi tu, na ule mbonyeo hakuunyoosha kamwe.

Mwezi Aprili, wakati wa ng'ombe kuzaa, moto ulitokea magharibi. Ilikuwa saa saba mchana, nyasi za mwaka uliopita zimekauka kama karatasi, na upepo ulikuwa ukielekea malisho ya kaskazini. Milo alimpigia simu akamwambia akate waya wa uzio, ng'ombe wajiokoe, yeye aende mjini. Lilikuwa shauri la busara, na Arlys alijua hivyo. Lakini ng'ombe wazima hukimbia. Ndama wa siku mbili hulala kwenye nyasi kama alivyofundishwa na mamaye, na hapo hapo huungua.

"Waya nitakata," alimwambia. "Mjini siendi."

Alivuta trela hadi malishoni, akakata waya upande wa mashariki, akawafukuza wakubwa kwa honi. Kisha akaanza kuokota ndama. Aliwabeba mmoja mmoja, wengine akawaburuta kwa miguu ya nyuma, na mama zao watatu wakaingia trelani wenyewe wakifuata vilio. Alipata ndama kumi na tisa. Alipotazama juu, moshi ulikuwa umelifunika jua, na njia aliyoingilia inawaka.

Ilibaki njia ya pili, ile ya kinu cha upepo. Ili kuifikia ilimbidi ageuke kati ya birika la kunyweshea ng'ombe na ukingo wa korongo, mahali ambapo Leland na pikapu yake ndefu alikuwa akienda mbele na nyuma mara tano. Nafasi ya kwenda mbele na nyuma haikuwepo. Arlys alizungusha usukani mpaka mwisho, akaachia breki. Pembe ya trela ikaanza kukijia kioo. Hakuitazama barabara, aligeuza shingo akaitazama pembe ile, inakuja, inakuja. Ikapita. Kati yake na kioo ungeweza kupenyeza kiganja. Kisha trela likanyooka nyuma yake, naye akakanyaga mafuta.

Barabarani aliwakuta wazima moto wa kujitolea, Orrin akiwa mmojawao, uso umejaa masizi. Orrin alichungulia trelani, akawahesabu ndama, akaelekea kwenye kioo cha nyuma na kukigusa kwa kidole. Arlys alibaki ameketi kwenye usukani, akaomba maji.

Hakuokoa wote. Ndama saba aliwakuta kesho yake, na wawili kati yao alikuwa amepita karibu nao bila kuwaona. Hao wawili aliwazika mwenyewe, ingawa watu wa kule hawaziki ndama.

Milo alikuja baada ya siku kumi. Wakasimama kwenye uzio uliobaki nguzo nyeusi tupu. Alisema, kwa upole safari hii, kwamba Arlys angekufa kwa ajili ya ndama, na kwamba Leland asingependa. Arlys alikubali kwamba angeweza kufa. Kisha Milo akasema kwamba sasa malisho yenyewe yameungua, pengine Arlys angelifikiria upya ombi lake.

"Milo, mizizi iko chini," Arlys alisema. "Haijaungua. Nisaidie kuchimba nguzo au nenda nyumbani, lakini usiniulize tena."

Milo alivua koti. Walichimba hadi jioni, na alirudi siku mbili zaidi kabla ng'ombe wake mwenyewe hawajaanza kuzaa. Mwezi Juni mchanga ule ulikuwa kijani kibichi. Arlys alipakia ng'ombe wake kwa mafungu, akawapeleka kaskazini, akageuza trela penye lile birika bila kusimama hata mara moja.