Siku Niliyomsahihisha Shangazi wa Akello

Jamani, jambo hili sijawahi kulisimulia mpaka mwisho, na wanaolijua wanalijua kwa sababu walikuwepo, wamekaa chini ya hema pale Mbuya wakinitazama nikijivunjia heshima kwa mdomo wangu mwenyewe. Haya zake hazijaniisha. Mke wangu akitaka kuninyamazisha hutaja Mbuya tu, nami nanyamaza.

Mimi nauza vitenge Kasubi. Nilikuja Kampala kutoka Bukavu na mdogo wangu Baraka, fundi pikipiki, na baba yetu ni marehemu, kwa hiyo Baraka alipompata Akello, binti wa askari mstaafu, mimi ndiye niliyetakiwa kukaa mahali pa baba siku ya kwenda kujitambulisha ukweni, huko Mbuya. Kukaa tu. Msemaji alikuwa Papa Bahati, mzee wa kanisa letu, mtu wa maneno laini, anayejua kuomba mke kwa Kiswahili mpaka wakwe wenyewe wanaongeza soda. Lakini mimi nikakataa, nikasema nitasema mimi, tena kwa Kiingereza.

Sababu? Nilikuwa nimenunua kijitabu kwa mchuuzi wa barabarani Nakasero, kimejaa maneno ya Kiingereza ambayo watu huyachanganya, nikakikariri wiki nzima hadi wateja wakaanza kunikwepa (mtu anauliza kitenge kile bei gani, mimi namrekebisha Kiingereza kwanza). Baraka aliniomba kwa upole, "Yaya," (kwetu ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake) "baba yake Akello alikuwa jeshini, Kiswahili anakijua sana. Muache Papa Bahati aseme." Nikamwambia Kiswahili ni cha kambini na sokoni, tukienda nacho Mbuya watatuona wakimbizi tu. Ningemsikiliza pale, leo nisingekuwa na mkasa.

Siku ikafika, tukaingia kwa mstari, suti zimenyooshwa, wanawake wetu wamevaa kitenge cha aina moja (kutoka dukani kwangu, hapo angalau sikukosea), vikapu vichwani, tukakaribishwa, tukaketi, nikasimama. Sasa kijitabu kilisema borrow ni kuchukua cha mwenzio kwa muda na lend ni kumpa mwenzio chako, wakati sisi yote mawili tunasema kuazima tu, na tofauti hiyo ilikuwa imeninogea sana kichwani, nikaona niwaonyeshe kwamba naijua. Nikawaambia kwa Kiingereza, kifua mbele, kwamba sisi hatukuja kwa lend, sisi tumekuja kwa borrow ya binti yao.

Yaani nimekuja kuazima mtoto wa watu, halafu nimrudishe.

Vijana wakacheka. Shangazi yake Akello, dada mkubwa wa Afande (ndivyo wote walivyomwita yule baba), alitabasamu vizuri tu, akanifungulia mlango wa kutokea kwa utani, kama wakwe wanavyofanya. Akauliza kwa Kiingereza, basi mtamchukua kwa siku ngapi, mtamrudisha lini? Mwenye akili angecheka naye, angesema mama nisamehe, ulimi hauna mfupa, tumekuja kuoa. Mimi nilisikia kosa tu. Pale penye kuchukua alikuwa ametumia lend badala ya borrow, na mkono wangu ukainuka kama wa mwanafunzi. "Samahani, mama," nikasema mbele ya ukoo mzima, "hapo ilitakiwa borrow." Nikamfafanulia. Nikatoa na mifano miwili. (Papa Bahati alinivuta koti, nikadhani ananipongeza.)

Shangazi aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua leso yake mapajani. Baadaye niliambiwa kwamba aliacha shule mapema ili mdogo wake asome, na Kiingereza chake alikiokota kwa kusikiliza watu. Sikujua. Lakini hata bila kujua, shangazi wa mke hasahihishwi nyumbani kwao, hilo hata mlevi analijua.

Afande akasimama taratibu, na Kiswahili kilichomtoka kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

"Kijana, nilifurahi kusikia wakwe zangu ni watu wa Congo. Nilisema leo nitaongea na wageni mwenyewe, bila mkalimani. Wewe umekuja kumfundisha dada yangu kusoma, tena nyumbani kwangu. Binti yangu siwezi kuwapa watu wa namna hiyo. Nendeni kwa amani."

Chakula kilikuwa kimeshaandaliwa, kimefunikwa, na tuliondoka kikiwa kimefunikwa vilevile. Baraka hakunitukana. Alikaa nyuma ya gari akitazama viatu vyake vipya mpaka Kasubi, na mimi nilitamani anitukane.

Papa Bahati alirudi Mbuya mara tatu kuomba radhi kwa Kiswahili chake. Mara ya tatu Afande alikubali kutupokea upya, kwa sharti moja, mimi nisiwepo. Kwa hiyo siku mdogo wangu wa pekee alipopewa mke, mahali pa baba yetu alikaa mtu wa kanisani, na mimi nilikuwa dukani, nakunja vitenge ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa.

Jioni Baraka alinipitia na kifurushi cha majani ya ndizi, nyama bado ya moto. "Imetoka kwa shangazi," akasema. "Amesema mwalimu asilale njaa." Hakukuwa na kejeli ndani yake, na hilo ndilo lililoniliza, mtu mzima mwenye ndevu, natafuna nyama ya harusi peke yangu. Nikaapa palepale kwamba Kiingereza cha mtu sitakigusa tena.

Nimekutana na shangazi mara moja tu tangu hapo, nikapiga magoti nikamwomba radhi kwa Kiswahili. Akaniinua, akanisamehe kwa Kiingereza, maneno mengi, ya moyoni kabisa. Makosa yalikuwa matatu. Niliyahesabu, Mungu anisamehe, lakini mdomo niliufunga.