Nguvu za Kupandia Magamba

Kuna watu wakipata pesa hujenga, wengine huoa mke wa pili. Mbaraka wa Mtae alipouza mikaratusi aliyoachiwa na baba yake, alishuka mpaka Soni kwa fundi Clemence, akafungua boneti ya gari lake na kusema, "Fundi, nataka lipande mlima. Mengine yote sitaki kuyasikia."

Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, lenye turbo, na lilikuwa vilevile kama lilivyotoka kiwandani Japani, halijaongezwa hata skrubu. Nyuma limeandikwa Kipanga kwa rangi nyekundu. Kwa Kipanga huyo Mbaraka alikuwa akipeleka karoti na abiria Lushoto siku za soko, na watu walimpenda kwa sababu hakuwa na matusi wala papara. Ukitaka kumjua Mbaraka anzia hapo: ni mtu wa kusimamisha gari ili kuku wa watu wavuke. Sasa mtu wa namna hiyo anatafuta nini kwenye turbo? Alikuwa anatafuta mtoto.

Mwaka juzi, katikati ya masika, mkewe Mwanaheri alishikwa na uchungu wa mimba yao ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Walikaa naye nyumbani mpaka wazee waliporidhika kwamba haiwezekani, wakampeleka zahanati, na zahanati wakasema huyu ni wa kupasuliwa, nendeni Lushoto. Safari hiyo inamchosha hata mtu mzima mwenye afya yake. Barabara inatambaa mgongoni mwa mlima, inashuka, inapinda, inapanda tena, na kabla hujauona mji lazima uukwee msitu wa Magamba. Hapo ndipo Kipanga alipochoka. Tope lilikuwa jingi, gia ni ya kwanza, injini inakoroma, gari linakwenda kwa mwendo wa mama aliyebeba kuni. Mwanaheri alipiga kelele huko nyuma, kisha akanyamaza. Walipofika, daktari alimtoa mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi, ameshakufa.

Wazee walisema ni mipango ya Mungu. Mbaraka hakubisha, lakini moyoni alishamjua muuaji, naye ni ule mlima. Saa walizokaa nyumbani hakuna aliyezitaja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku ile Mbaraka hakuweza kusikia injini inakoroma mlimani bila viganja kumtoka jasho. Mwanaheri aliposhika mimba tena, na muuguzi akasema huyu naye lazima azaliwe kwa upasuaji, usingizi ulimkimbia. Akaanza kusoma habari za turbo. Simu yake ikajaa video za vijana wa mijini wanaofumua magari mazima na kuyafunga upya ili yakimbie zaidi.

Clemence alimsikiliza huku anajifuta grisi mikononi. "Mgosi," akasema, kama wanaume wa huku wanavyoitana, "pesa yako inatosha kazi moja nzuri au kazi nne mbovu. Tukitaka nguvu, tutaweka bomba la ekzosi pana zaidi na filta inayovuta hewa vizuri, kisha tutapandisha presha ya turbo na kufungua pampu ili dizeli iingie zaidi. Gari litaruka. Ila mimi ningekuwa wewe, ningeanza na rejeta. Hii yako imeziba. Halafu breki."

"Rejeta inapandisha mlima?"

"Haipandishi. Lakini nguvu ya turbo ni moto, na moto ukiuzidisha lazima uwe na pa kuupozea."

"Mke wangu ana mimba, fundi. Mwaka juzi ulisikia yaliyonikuta. Niwekee nguvu. Breki nitajua mwenyewe kuzishika."

Na tuseme ukweli, Clemence naye alikuwa na kiu yake. Tangu ajifunze kazi alitamani apate turbo ya kuifanyia mambo, na kila siku analetewa pancha na pedi za breki zilizokwisha. Mwenye hamu ya pilau humwombi mara tatu aonje. Alikwenda kuleta spana zake.

Gari lilipokuwa tayari, alimpa Mbaraka masharti yake. "Usitie maji ya mtoni kwenye rejeta. Nunua kulanti, yale maji ya kupozea injini ya kwenye dumu la dukani. Na ukiona mshale wa joto unapanda, simama, acha injini ipoe yenyewe. Usiimwagie maji ya baridi ikiwa inachemka."

Mbaraka alicheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. "Ninunue maji? Mimi, mtu wa Usambara?"

Msimcheke peke yake, maana sisi wote huku ndivyo tulivyo. Kwetu maji yanatoka kwenye kila ufa wa jiwe, na kumwambia mtu wa milimani anunue maji ya gari ni sawa na kumuuzia joto mtu wa Mombo kule bondeni kwenye jua kali. Kila dereva wa njia ile ana dumu tupu chini ya kiti. Akifika kwenye chemchemi za Magamba anasimama, anachota, analinywesha gari lake kama mtu anayenywesha ng'ombe, anaendelea. Hivyo ndivyo walivyofanya baba zetu na malori yao. Ila malori ya baba zetu yalikwenda polepole, hayakuwa na moto tumboni kama Kipanga wa sasa.

Siku ya kwanza Mbaraka alipopanda Magamba na gari jipya alilia peke yake kwenye usukani. Lilipanda kama linavutwa na kamba kutoka juu. Alipofika Mtae wanaume walijaa uwanjani kwake, wakainamia boneti, kila mtu na lake. Huyu anasema presha iongezwe tena kidogo, yule anauliza matairi, hata imamu alitaka kujua bomba lile limetoka wapi. Jioni nzima Mtae ilikuwa haina habari nyingine. Mwanaheri aliwaletea chai na magimbi, akaweka sinia juu ya kigoda, akarudi ndani.

Uchungu ulimshika kabla ya tarehe aliyopewa, asubuhi yenye ukungu mzito. "Mbaraka, washa gari," alisema, na uso wake ulitosha kueleza mengine. Hidaya, dada mkubwa wa Mbaraka, alipanda nyuma akamlaza wifi yake mapajani. Wakaondoka.

Mbaraka hakuwa na hofu. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia, kwamba alikuwa karibu na furaha. Waliipita Sunga, wakaiacha Malindi, Kipanga ananguruma, kona zinafunguka moja baada ya nyingine. "Tunafika, mke wangu, tunafika, safari hii tunafika," alisema bila kugeuka. Chini ya mlima wa Magamba alikanyaga mafuta mpaka mwisho, na gari likapanda kwa nguvu pale pale mwaka juzi lilipokuwa linatambaa.

Mshale wa joto nao ukapanda. Aliuona, akajiambia unadanganya. Kona mbili mbele akasikia harufu ya mpira ulioungua, nguvu ikaanza kupungua, na mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Alijikaza mpaka karibu na kilele, mahali barabara inapokuwa tambarare kidogo kabla ya kuanza kushuka Lushoto. Hapo akasimama na kuzima.

Alijua la kufanya. Alijua anatakiwa asubiri. Mwanaheri alipiga kelele, siyo kelele ya maumivu tu, kelele ya mtu anayeitambua njia aliyokwisha kuipita. Hidaya naye akatoa kichwa dirishani. "Mbaraka! Unangoja nini? Si umwagie maji twende!"

Chemchemi ilikuwa pale pale kando ya barabara. Akachukua dumu, akakinga, maji ya baridi hata vidole vikafa ganzi. Alifungua kifuniko cha rejeta kwa koti, mvuke ukamuunguza mkono, hakuujali. Akamimina. Injini ikatoa mlio mmoja mkavu, kama chungu kinapopasuka jikoni.

Dereva yeyote anaujua mlio ule hata kama hajawahi kuusikia. Alijaribu kuwasha, ikazunguka, ikakohoa moshi mweupe, ikakataa. Alijaribu tena na tena mpaka Hidaya akaanza kulia. Basi akampigia Clemence.

"Fundi, hedi ya injini imepasuka. Nipo juu Magamba. Mwanaheri yuko ndani."

"Nikitoka Soni sasa hivi nitachelewa. Umeshafika kileleni?"

"Kasoro hatua chache."

"Sukumeni mpite. Halafu weka gia ya pili, shuka kwa gia mpaka chini. Usiweke fri, usiache gari lishuke bila gia, mgosi, nakuomba. Ukiweka fri breki zako hazitaibeba ile miteremko. Kwa gia injini itasagika, ndiyo, itakuwa chuma chakavu."

"Isagike," akasema Mbaraka.

Kina mama wawili waliotoka msituni na kuni walitua mizigo yao, wakasukuma pamoja na Hidaya, khanga zimefungwa kiunoni. Gari likapita kilele. Hidaya akarukia ndani, na Kipanga akaanza kushuka bila uhai, magurudumu yanaiburuta injini iliyokufa, vyuma vinalalamika. Mwendo ulikuwa wa taratibu. Ulikuwa wa taratibu mno, na hapo ndipo Mbaraka alipoijua adhabu.

"Kimbiza!" Mwanaheri alilia. "Mbaraka, kimbiza gari, anakuja, simuwezi!"

Kukimbiza kulikuwa kazi rahisi. Alitakiwa tu akanyage klachi, na mlima ungewachukua kwa kasi asiyowahi kuiona hata kwenye video zake. Kona ya kwanza breki zingenuka, ya pili zingelegea, na ya tatu wangeenda bondeni wote wanne, pamoja na yule ambaye hajazaliwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa tayari juu ya ile klachi. Mali yote ya baba yake aliitia kwenye mbio, na sasa mkewe anaomba mbio, naye hana za kumpa. Alisoma kila dua aliyofundishwa utotoni, akazichanganya, akaanza upya.

Kisha kelele za nyuma zikakoma.

"Mwanaheri?" aliita. Hakujibiwa. "Mwanaheri!" Kimya kile alikuwa anakifahamu. Machozi yalimjaa, barabara ikawa haionekani vizuri, na mguu ukaanza wenyewe kuikanyaga klachi. Gari likaongeza kasi.

"Toa mguu!" Hidaya alimpiga bega kwa ngumi. "Amezimia lakini anapumua. Toa mguu, Mbaraka, utatuua!"

Akautoa. Alishuka mlima ule wote akilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, na walioko kando ya njia walidhani amebeba maiti.

Mjini Lushoto gari lilisimama lenyewe barabara ilipokuwa tambarare. Madereva wa bodaboda waliacha pikipiki zao wakalisukuma mpaka getini hospitali, maana Mbaraka alishindwa hata kusema, alionyesha tu kwa mkono. Mwanaheri akaingizwa upasuaji. Hidaya alikaa chini ukutani. Mbaraka alisimama, akakaa, akasimama, mkono wake ulioungua umevimba na hakumruhusu mtu kuutazama. Alijiambia kwamba akitoka daktari uso umeinama, yeye hatarudi Mtae.

Alitoka muuguzi, tena anatabasamu. Ni mtoto wa kike, alisema, amechoka sana, mwanzoni alikataa kulia, lakini sasa yuko hai na mama yake yuko hai.

Walipomruhusu kuingia, alimkuta Mwanaheri amelala, midomo imekauka, macho wazi. Hidaya alikuwa amempakata mtoto. Mbaraka alipiga magoti pale sakafuni na maneno yakaanza kumtoka ovyo. Akaomba msamaha. Akasema atauza shamba la karoti anunue injini nyingine. Safari hii ataanza na rejeta kama alivyoambiwa, kisha breki, kisha ndipo presha ya turbo, kidogo tu, na kulanti atanunua, wallahi atanunua.

Mwanaheri alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Mimi nilitaka chumba," akasema.

"Chumba gani?"

"Cha kupanga, hapa Lushoto. Na godoro. Nije nikae mwezi wa mwisho, uchungu ukinishika nije hospitali kwa miguu."

Mbaraka alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango alioupiga teke usiku kucha haukuwa umefungwa. "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, mama yako angeuliza nimeona nini kwake mpaka nikimbilie nyumba za watu. Na wewe ungeniambia habari za turbo." Alifumba macho. "Mlilizunguka lile gari Mtae nzima. Nani aliniuliza mimi?"

Mbaraka alinyoosha mkono wake mzima ashike wa mkewe, na Mwanaheri hakuuondoa wake, lakini hakufumbua macho.

"Hata mwaka juzi," akasema, "nilikitaka hicho hicho chumba."