Degedege la Saa Kumi na Moja

Mama mkwe wangu hajawahi kuniomba msamaha, nami sikuuhitaji. Nilijilipa mwenyewe.

Mwanangu alikuwa hajatimiza miaka miwili alipopata degedege la kwanza. Alishinda na homa, mimi niko kazini, nafundisha shule ya msingi hapo Ijumbi. Saa kumi na moja jioni nikafika nyumbani, nikatua mkoba, mtoto akakakamaa. Miezi ikapita, akaugua tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu mama mkwe akasema mbele ya wanawake wa kanisani waliokuja kutupa pole, "Mchana kutwa ninaye, anakunywa uji. Mama yake akiingia tu, anaanguka. Waitu, jamani, huyu anarudi na nini?"

Tangu siku hiyo beseni likawekwa kwenye irembo, pale njia inapoingia kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani. Ninawe mikono na miguu, niache viatu chini ya mti wa kahawa, ndipo nimshike mtoto niliyemzaa. Majirani wakipita wananiona. Mume wangu alisema nivumilie, mama ni mtu mzima. Nilivumilia, na kila nilipomwaga yale maji nilimchukia upya.

Muuguzi mmoja wa Bukoba ndiye aliyenifungua macho. Alisema homa ya watoto wengi hupanda kuanzia alasiri, na degedege nalo mara nyingi huja saa hizo. Nikanunua kipimajoto. Kila mtoto alipougua, hata mafua, niliandika joto lake saa kwa saa nyuma ya kalenda ya kanisa. Asubuhi liko chini, saa tisa linaanza kupanda, kumi na moja liko juu kabisa. Ndiyo saa yangu ya kutoka kazini. Basi, hicho ndicho nilichokuwa narudi nacho.

Sikumwambia mtu. Nilingoja.

Ikaja Jumamosi, niko nyumbani, mtoto anachemka. Nilimpa dawa ya homa. Saa kumi na nusu nikapima, joto linapanda. Nikampakatisha bibi yake, nikasema naenda kugeuza kahawa mkekani. Sikugeuza hata punje. Nilisimama irembo kando ya beseni, natazama saa.

Aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilikimbia, nikamlaza mtoto kwa ubavu kama nilivyofundishwa, mpaka akatulia, akalia. Baba mkwe alikuwa mlangoni, na jirani nyuma yake. Nikasema taratibu, "Mama, leo umemshika na nini? Nenda kanawe."

Akaenda, na uzee wake wote, akainama kwenye lile beseni. Sitadanganya. Nilifurahi.

Alirudi mikono inachuruzika, akamchukua mtoto tukingoja bodaboda ya kwenda zahanati.

"Ulijua litakuja saa hii?"

"Nilijua, mama."

"Ukatoka."

Nikanyoosha mikono nimpokee mwanangu. Hakunipa.