Maneno Nyuma ya Picha

Mpwa wangu mkubwa hutengeneza tovuti, na ukimkuta kazini utadhani anapanga kabati. Kila kitu kwenye ukurasa anakipa sifa zake: id ya kukitambulisha, class ya kukiweka na wenzake, href ya kumpeleka mtu ukurasa mwingine. Picha huipa alt, yaani maneno yasiyoonekana kwenye skrini, ambayo simu humsomea asiyeona. Hiyo haachi kuiandika hata siku moja, maana mama yake, wifi yangu, haoni.

Wifi ana duka la nguo na alikuwa karibu kukabidhi funguo kwa mmoja wa mabinti zake. Mdogo hushona humo dukani. Mkubwa alizitaka funguo zile mno, akajitolea kutengeneza tovuti ya duka ili mama ajue naye yumo. Kisha zikaja picha: mdogo na gauni la bluu, mdogo na sketi, mdogo anacheka mbele ya cherehani. Wivu ukamshika. Huyu ndiye anayemshika mama mkono kila asubuhi, ndiye anayeitwa kwa sauti ile laini, na sasa hata picha zote zake. Kwenye alt ya gauni la bluu akaandika: "Kipenzi cha mama. Pindo limepinda kama roho yake." Akapumua. Alikusudia kuyafuta kabla ya kuifungua tovuti, akapitiwa.

Jumamosi mimi na mkubwa tulimkuta mama yake sebuleni, simu sikioni.

"Keti, mwanangu. Wateja wanaisifu tovuti yako."

"Asante, mama."

"Ila la pindo hawalisemi. Nimemuuliza hata fundi viatu wa jirani, anasema picha ni nzuri tupu."

Mkubwa akaketi.

"Nilikuwa na hasira, mama. Sikutaka mtu aone."

"Wenye macho umewaficha wote," wifi akasema. "Umenionyesha mimi peke yangu."

Akapapasa funguo mezani, akamwita mdogo kutoka jikoni, akamtilia mkononi.

Mkubwa alifungua kompyuta palepale. Aliitazama picha kwa muda, akitafuta palipopinda, asipaone. Akaandika: "Mdogo wangu na gauni la bluu. Pindo limenyooka." Wivu haukumtoka, nilimwona alivyouma meno. Mama akaigusa simu, akasikiliza, akairudisha isome tena.