Kiota cha Nyigu Juu ya Friji

Kwenye geti la sita la uwanja wa Chuo cha Tolliver kuna kisanduku cha plastiki kinachoonyesha ndani, kimefungwa kwa mnyororo kwenye meza. Chochote unachotaka kuingia nacho sharti kitoshe humo. Kisipotosha, hakiingii, hata ukilia. Kisanduku kililetwa Agosti iliyopita. Mimi nilikuwa nimeshasimama nyuma ya meza ile misimu kumi na minane.

Jina langu ni Verlene Stuckey. Shule niliiacha darasa la nne, mama alipolala kitandani kwa ugonjwa na wadogo zangu wakabaki mikononi mwangu. Nasoma kwa kidole, neno moja, napumzika, neno jingine. Kwa hiyo kila Agosti msimamizi wetu, Denby, akitusomea kanuni za uwanja, wenzangu huchezea simu, mimi hutega sikio. Kanuni ni kumi na moja. Nazijua zote kwa moyo, na nikizisema huwezi kujua kama nilizisoma au nilizisikia. Aliyejua ni mtu mmoja tu duniani. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita.

Jumamosi ile tulikuwa tunacheza mpira wa Kimarekani na Chuo cha Harmon, na ukiishi mji wetu huhitaji kuambiwa chuki ile ina umri gani. Foleni ilikuwa imefika barabarani, watu wote manjano na nyeusi, maana timu yetu inaitwa Nyigu. Ndipo akafika Mzee Ottis Pruitt na kiota chake.

Ni kiota cha nyigu kweli, kikavu, kikubwa kama boga, kimechomekwa kwenye mpini wa ufagio. Mzee alikuwa fundi bomba, alikikuta chini ya nyumba ya mtu, akaja nacho uwanjani, na siku hiyo tukashinda. Tangu hapo, miaka thelathini na mmoja, adui akitaka kupiga mpira katikati ya milingoti, mzee husimama na kukitikisa, na uwanja mzima huvuma naye: zzzzz. Mateke mangapi yameenda upande! Mechi mbili za mwanzo wa msimu alikuwa amelazwa, kwa hiyo kisanduku alikuwa hajakutana nacho.

"Kitie humu, Mzee Ottis," nikamwambia.

"Verlene mwanangu, usinitanie."

"Sikutanii. Kanuni ya nne."

Akajaribu. Kikazidi kwa upana wa vidole viwili.

"Sukuma tu kiingie!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Mwacheni mzee apite! Kwani kiota kina bunduki?"

"Mbona mke wangu karudishwa na mkoba wake?" akasema mwingine.

"Mkoba wa mkeo umewahi kutushindia mechi gani?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nakiangalia kile kiota. Ni kama karatasi. Kikisukumwa kingepasuka kama yai.

"Niachie mimi," nikasema. "Nitakitunza. Mechi ikiisha pitia hapa."

Akaking'oa kwenye mpini taratibu, akaniwekea mikononi. Nilikizungushia koti langu la mvua nikakilaza chini ya meza.

Tulikuwa tunaongoza ishirini na moja kwa kumi, robo ya mwisho. Sijui ilikuwaje. Pale getini nasikia kelele tu, na kelele zetu nazijua kama sauti ya mwanangu. Zilianza kukonda. Sekunde ya mwisho kabisa, walivyonisimulia baadaye, Harmon wakapiga teke kutoka mbali mno, mpira ukaenda kama unaotoka nje, upepo ukaurudisha, ukapita katikati ya milingoti. Ishirini na nne kwa ishirini na moja. Watu elfu kumi na tisa wakanyamaza kama waliomwagiwa maji.

Mzee Ottis alitoka kwa geti jingine. Nilimngoja mpaka wafagiaji walipofika kwangu. Nikaenda na kiota nyumbani, nikakiweka juu ya friji, mahali ambapo paka hafiki. Jumapili nikapiga simu kwake. Akapokea binti yake. "Baba hataki kuongea na mtu yeyote wa uwanja," akasema, akakata.

Jumatatu gazeti la mjini likaandika kwamba mwanamke wa geti la sita alimnyang'anya mzee kiota akakitupa kwenye pipa la taka. Aliyenisomea ni mume wangu, Royce. Alinisomea kwa sauti mezani, anakunywa kahawa, na kiota kiko juu ya kichwa chake pale pale.

"Umekuwa maarufu, mama," akasema, akacheka.

"Wapigie uwaambie kiko hapa."

"Achana nao. Yatapoa."

Hayakupoa. Dukani mama mmoja ninayesali naye aliuhamisha mkokoteni wake kwenye mstari mwingine. Mtu akanibandikia picha ya pipa la taka kwenye kioo cha gari. Jumatano Denby akanipigia.

"Verlene, mkuu wa chuo atasikiliza Kijiwe kesho," akasema. "Maneno yakitulia, mechi ijayo ya nyumbani uko getini. Yasipotulia, sina la kukusaidia."

Kijiwe ni kipindi cha redio yetu ya mjini, kila Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni. Watu wanapiga simu, wanaitukana timu wanayoipenda, na mtangazaji, Lyle Gaddy, anawachochea. Mimi sikuwahi kukisikiliza hata mara moja, kwa sababu kila Alhamisi saa hizo nasafisha kliniki ya meno. Wiki ile nilimwomba daktari ruhusa. Royce sikumwambia. Gari nililiacha kwa fundi nikarudi kwa miguu, nikaingia kwa mlango wa mbele. Pikapu yake ilikuwa ndani ya banda la gari lililoungana na jiko letu, mlango wa kati umefungwa. Nikafikiri anatengeneza kitu. Nikafungua redio ya jikoni kwa sauti ya chini, nikaanza kukata bamia.

"Timu haikufungwa na kiota, Lyle!" mtu mmoja alikuwa anafoka. "Ilifungwa na kocha! Unaongoza, dakika mbili zimebaki, unarusha mpira wa nini? Kimbia nao, lala nao chini, ule muda! Hata bibi yangu anajua!"

"Bibi yako yuko huru msimu ujao?" akauliza Lyle.

"Yuko huru, na mshahara wa yule kocha atauchukua!"

"Sawa, kaka. Nijibu moja tu. Kiota kingekuwemo uwanjani, lile teke lingepita?"

Yule mtu akashusha sauti.

"Lisingepita," akasema.

Studio nzima ikaangua kicheko. Kisha akaja mama mmoja, Mungu ambariki, akanitetea: "Yule mwanamke amefanya aliloagizwa. Waliotunga kanuni mbona hamuwapigii kelele? Kwa sababu wana suti?" Moyo wangu ukapanda kidogo. Nikaona labda Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwepo getini.

Bamia zikaisha. Vitunguu tunaviweka kwenye kapu karibu na mlango wa banda la gari. Nilipoinama nikasikia sauti ya Royce upande wa pili, lakini ameikwaruza kama ya mzee wa miaka themanini.

"Lyle, mwanangu, nyie wote mnazunguka tu. Mimi nitakwambia habari za yule mama."

Nikadhani anaongea na kaka yake, hutaniana hivyo. Nikanyanyuka na kitunguu. Nyuma yangu redio ikavuma zzzzz, Lyle akapiga kelele kwa furaha: "Ndiye huyo jamani! Nyigu Mkongwe wa Pine Flat! Babu, uko hewani!"

Na redio ikasema, kwa sauti ile ile ya kukwaruza: "Lyle, mwanangu, nyie wote mnazunguka tu. Mimi nitakwambia habari za yule mama."

Nilisimama na kitunguu mkononi. Sikuelewa. Nilidhani masikio yangu yana kasoro. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba redio huchelewesha simu sekunde saba, ili tusi likitoka wapate kulikata. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sekunde hizo saba. Nyuma ya mlango mume wangu alikuwa ameshasema jambo, na mji ulikuwa bado haujalisikia.

Nyuma ya mlango: "Hajui kusoma."

Nikakiweka kitunguu mezani.

Nyuma ya mlango: "Mwandikie FUNGA, atafungua. Misimu yote hiyo wamemweka mlangoni mtu asiyesoma! Na kiota kakitupa, jirani yangu kamwona kwa macho yake."

Kisha redio ikanifikia na hayo hayo, moja baada ya jingine, kama mtu anayepigwa kofi kisha akaonyeshwa picha ya kofi lile. Hajui kusoma. Kicheko cha studio. Mwandikie FUNGA. Kicheko.

Sijui mkono wangu uliamriwa na nani, lakini ulikwenda kwenye redio ukaongeza sauti mpaka mwisho.

Mlango ukafunguka. Royce akaingia kwa haraka, simu sikioni, mkono umenyooshwa kuelekea redio, na akaniona. Nilikuwa bado sijui kilichomleta mpaka redio iliponiambia: "Nyigu, zima hiyo redio ya nyumbani, babu! Nasikia mwangwi. Mara ngapi nimewaambia, ukipiga simu zima redio!"

Nikaichukua simu mkononi mwake, naye akaiachia kama mtoto.

"Lyle Gaddy," nikasema, "mimi ndiye mama wa geti la sita. Nyigu Mkongwe wako ni mume wangu, Royce Stuckey, na hakuna jirani aliyeona chochote. Kiota kiko juu ya friji yangu, kizima. Anakitazama kila asubuhi akinywa kahawa. Na kanuni ya nne inasema hivi." Nikamsomea kutoka kichwani, neno kwa neno, na ya tano, na ya sita, mpaka ya kumi na moja. "Shule niliacha darasa la nne. Nasoma polepole. Lakini kitu cha mtu sijawahi kukitupa."

Nikakata. Sauti yangu ikaendelea redioni sekunde saba nyingine, na Royce akasimama chini ya kile kiota akayasikia maneno yangu ya mwisho mara ya pili. Lyle Gaddy, ambaye watu husema hawezi kufunga mdomo hata kanisani, akakimbilia tangazo la matairi.

"Verlene, ni mchezo tu," Royce akasema. "Kule watu wananipenda."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa."

"Nani anajua ni wewe?"

Akaangalia sakafu. "Watu wanajua."

"Watu gani?"

"Wote, mama. Wote wanajua."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nikaanza kuwapitisha akilini mmoja mmoja: mama wa dukani, fundi wa gari, mchungaji aliyezoea kuniambia "mumeo ana maneno yule" huku anacheka, nami nikadhani ananisifia. Na kwa miaka tisa, mechi za nyumbani Royce aliingia kwa tiketi ya bure wanayonipa mimi kwa kusimama juani.

Ijumaa Denby akapiga. "Umesema vizuri jana," akasema. "Mke wangu alilia." Kisha akakohoa. "Ila chuo kinasema mtu wa geti lazima awe anajua kusoma." Kanuni hiyo haikuwamo kwenye zile kumi na moja. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua.

Jioni ile ile Mzee Ottis akaja kuchukua kiota chake. Alisimama jikoni amevua kofia, akakizunguka kwa macho, hakukuta hata ufa. Nikampa chai baridi.

"Mwanangu, nilikuapiza," akasema.

"Najua."

"Niliapiza na nyumba yako."

"Hiyo ilikuwa imeshaapizwa, mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekuja kwa miguu na mvua imeanza, basi akasema kiota kikae mpaka Jumatatu, maana kesho timu inacheza ugenini. Ikacheza ugenini, na timu ambayo miaka minne haijafungwa nyumbani kwake, tukashinda thelathini na nane kwa tatu.

Jumapili simu haikunyamaza. Yule mama wa dukani: "Dada Verlene, bado kiko juu ya friji? Usikiguse." Mtu nisiyemjua: "Upande gani wa friji, mama? Kulia? Hapo hapo." Watu walionibandikia pipa la taka! Jumatatu akapiga Denby.

"Mkuu wa chuo anauliza," akasema, na nikasikia aibu kooni mwake, "kama kiota kinaweza kubaki hapo mpaka mwisho wa msimu."

Mzee Ottis alikuwa mezani kwangu, anakula mkate wa mahindi. Nikamwekea simu asikie. Akaivuta karibu.

"Kiota ni changu," akasema. "Kitakaa hapo. Lakini mtunza kiota anakaa geti la sita. Akiondoka yeye, nakichoma moto."

Denby alikwenda kuuliza. Dakika kumi hazikufika.

Kwa hiyo niko getini, na kisanduku changu na mnyororo wake. Misimu kumi na tisa ya kufika kabla ya wote haikunirudisha pale, wala ukweli niliousema mji mzima ukisikia. Nimerudishwa na takataka ya wadudu. Watu wananisalimia kwa heshima sasa, na nawaitikia, na kila mmoja namtazama nikijiuliza alicheka mara ngapi Alhamisi.

Royce analala kwenye chumba cha kufulia. Kijiwe hawapokei simu yake tena, na hilo ndilo nililomwona akililia. Tiketi ya bure nampa Mzee Ottis. Mechi iliyopita Royce alinunua yake, akaja foleni ya geti la sita, wakabaki watu wanne tu kabla hajanifikia, akaniona ninavyomngoja. Akahamia geti la saba.